DHORUBA YA THELUJI MLIMANI: MAMBO YA KUJUA WEWE NA NDUGU YAKO ALIYE NG'AMBO



Mama mmoja wa kambi yetu alifika ofisini kwetu asubuhi na mapema. Mwanawe yuko Marekani, anaendesha lori la mizigo katika barabara inayopita milimani. Kwa siku mbili simu yake haikupokelewa. Mara ya mwisho walipozungumza, mama alimkumbusha kwamba ada ya mdogo wake inatakiwa kabla ya Ijumaa. Kijana akamjibu, "Mama, huku kuna theluji, lakini nitajitahidi niende." Kisha kimya.

Siku ya tatu kijana alipiga simu. Alikuwa mzima. Lori lilikuwa limekwama mlimani pamoja na magari mengine mengi, na simu ikazimika kwa kukosa moto. Mama alishukuru Mungu, halafu akatuambia neno ambalo ndilo sababu ya makala haya: "Mimi nilidhani theluji ni baridi tu. Kama ningejua, ningemwambia angoje."

Wengi wetu tunadhani hivyo hivyo. Tuna watoto, ndugu na majirani waliohamishiwa Marekani, Kanada, Norway na kwingineko, na tunazungumza nao kila juma bila kujua hali wanayoishi. Makala haya si tangazo la safari. Safari za wakimbizi kwenda Marekani zilisimamishwa Januari 2025, na ofisi yetu haina orodha ya majina. Tunaeleza tu dhoruba ya theluji ni nini, kwa nini inaua, na mtu afanye nini ili apone.

THELUJI NI NINI?

Theluji si kitu kigeni kabisa katika Afrika yetu. Waliotoka upande wa Beni na Kasese wanaufahamu mlima Rwenzori, wenye kilele cha mita 5,109. Juu yake kuna barafu, ingawa inazidi kupungua mwaka hadi mwaka. Wakonzo wana jina lake, wanaiita nzururu. Waliotoka Goma au Ruhengeri wamewahi kuuona mlima Karisimbi ukiwa mweupe kileleni asubuhi, baada ya usiku wa mvua na baridi. Na Kilimanjaro kila mtu ameuona, hata kama ni kwenye picha.

Theluji si mvua ya mawe. Mvua ya mawe ni vipande vigumu vya barafu vinavyoanguka kwa kishindo na kutoboa mahema yetu. Theluji ni chembe nyepesi za barafu zinazoshuka polepole kama pamba, bila sauti. Hapo ndipo inapomdanganya mgeni. Anaiona nzuri, laini, haina kishindo. Lakini ikishuka usiku kucha, asubuhi mlango haufunguki.

KWA NINI INAANGUKA SANA MLIMANI?

Hewa yenye unyevu ikitoka baharini na kukutana na mlima, haina njia ila kupanda. Kadiri inavyopanda ndivyo inavyopoa, karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Hewa iliyopoa haiwezi kubeba unyevu wote ule, kwa hiyo inaumwaga. Ndiyo sababu hata kwetu mvua hunyesha zaidi milimani kuliko kwenye tambarare. Tofauti ni kwamba katika nchi za baridi, wakati wa majira yao ya baridi, unyevu huo hushuka kama theluji.

Chukua mfano wa milima iitwayo Sierra Nevada, magharibi ya Marekani, katika jimbo la California. Hewa ya bahari ya Pasifiki inaigonga milima hiyo moja kwa moja. Barabara kuu namba 80 inapita juu yake katika kivuko kinachoitwa Donner, kwenye kimo cha mita 2,200 hivi, kisha inateremka kwenda mji wa Reno. Malori mengi yanayopeleka mizigo mashariki hupita hapo. Mbele zaidi barabara hiyo hiyo hufika Salt Lake City, mji ulio chini ya milima mingine na wenye familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Somalia na Sudan. Denver na Boise pia ni miji iliyo karibu na milima, na wenzetu wako huko.

Mtu akiondoka bondeni anaweza kuacha mvua ya kawaida, na baada ya saa moja au mbili ya kupanda akajikuta ndani ya theluji nzito. Hali ya hewa ya mjini haimwambii dereva hali ya hewa ya kivukoni.

UPEPO NDIO UNAOGEUZA THELUJI KUWA DHORUBA

Theluji peke yake ni usumbufu. Theluji pamoja na upepo mkali ni hatari. Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani wana kipimo cha dhoruba kali kabisa: upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi, pamoja na theluji inayozuia macho kuona mbali zaidi ya mita 400, na hali hiyo idumu angalau saa tatu. Wakati mwingine macho hayafiki hata mita kumi. Juu ni nyeupe, chini ni nyeupe, mbele ni nyeupe. Mtu anaweza kupotea kati ya gari lake na nyumba iliyo jirani kabisa.

Upepo pia unaiba joto la mwili. Kipimajoto kikionyesha nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo ukiwa wa kilomita 50 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoa kama vile baridi ingekuwa nyuzi 22 chini ya sifuri.

ILIVYOKUWA MWEZI MACHI 2024

Tangu Februari 29 hadi siku za kwanza za Machi 2024, dhoruba kubwa ilipiga milima ya Sierra Nevada. Watabiri walitoa onyo mapema, wakawaomba watu wasisafiri. Juu ya kilele kimoja ulipimwa upepo wa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Sehemu nyingine zilipata theluji ya zaidi ya mita mbili, yaani kupita kichwa cha mtu mrefu. Barabara namba 80 ilifungwa kwa umbali wa kilomita 160 hivi, na maelfu ya nyumba zilikosa umeme. Madereva waliokuwa tayari njiani walikwama, na baadhi yao walilala ndani ya magari.

Tazama jambo hili: onyo lilikuwapo. Waliolisikiliza walibaki nyumbani wakapoteza siku chache za kazi. Waliolipuuza walijiweka hatarini wao wenyewe pamoja na waokoaji waliotumwa kuwatafuta.

BARABARA INAKUWAJE?

Kwanza, inateleza. Dereva wa kwetu amezoea tope la masika, na anaweza kudhani ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Juu ya barafu, gari linaweza kuhitaji umbali wa hata mara kumi zaidi ili kusimama kuliko kwenye lami kavu. Breki zinashika, lakini gari linaendelea kwenda.

Pili, kuna barafu isiyoonekana. Ni utando mwembamba wa maji yaliyoganda juu ya lami. Dereva anaona barabara nyeusi kama kawaida, kumbe anaendesha juu ya kioo. Madaraja huganda kabla ya sehemu nyingine, kwa sababu upepo wa baridi unapita juu na chini yake.

Tatu, upepo husukuma theluji na kuirundika barabarani. Sehemu iliyosafishwa saa moja iliyopita inaweza kuzibwa tena. Lori refu lisilo na mzigo linaweza kuangushwa ubavu na upepo.

Nne, katika milima hiyo polisi wa barabara huwataka madereva wengi wafunge minyororo kwenye matairi. Asiyekuwa nayo hurudishwa. Kurudishwa si dharau wala si ubaguzi, ni sheria ya kila mtu.

MAFUNZO MAWILI YA ZAMANI

Kivuko cha Donner kilipewa jina la watu walioteseka hapo. Mwaka 1846, kundi la watu 87, wazee, wanawake na watoto, walikuwa wanahama na mikokoteni ya ng'ombe kwenda California. Nao walikuwa watu wa kuhama kama sisi. Waliambiwa habari ya njia ya mkato, wakaifuata, na ile njia ikawachelewesha. Walifika chini ya kivuko mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, theluji ikawafunga. Waliookolewa wa mwisho walitoka mwezi Aprili 1847. Karibu nusu ya kundi walikufa.

Mwaka 1952, mwezi Januari, gari moshi la abiria lilinaswa na theluji karibu na kivuko hicho hicho. Ndani yake mlikuwa na watu 226. Moto wa kupasha joto ulikwisha. Waligawana chakula na blanketi. Baadhi yao waliugua kwa moshi. Lakini hawakutawanyika kwenda porini. Walikaa pamoja mpaka waokoaji wakawafikia, na baada ya siku tatu hivi abiria wote walitolewa wakiwa hai.

Somo la kwanza: njia ya mkato wakati wa theluji ni mtego. Hata leo, barabara kuu ikifungwa, ramani ya simu inaweza kumwelekeza dereva kwenye vijia vya milimani visivyosafishwa. Barabara kuu ikifungwa, safari imefungwa. Somo la pili: ukikwama, kaa pale pale ulipo pamoja na wenzako. Anayesubiri huonekana, anayetangatanga hupotea.

AKIKWAMA NDANI YA GARI, AFANYE NINI?

Mwambie ndugu yako mambo haya, naye ayaandike:

1. Asiliache gari. Gari linamkinga na upepo, na waokoaji wanaliona kwa urahisi kuliko mtu mmoja. Atoke tu ikiwa anaona nyumba au msaada karibu kabisa na ana hakika ya kufika.

2. Apige simu ya dharura mapema, kabla moto wa simu haujaisha, na aseme yuko wapi. Huko Marekani na Kanada namba ni 911.

3. Afunge kitambaa chenye rangi kali, hasa chekundu, kwenye kioo au mlingoti wa gari.

4. Awashe injini dakika 10 hivi kwa kila saa ili apate joto, kisha azime. Kabla ya kuwasha, ahakikishe bomba la moshi nyuma ya gari halijafunikwa na theluji, na afungue kioo kidogo upande usio na upepo. Jambo hili tunalieleza zaidi hapa chini, maana ndilo linaloua kimyakimya.

5. Achezeshe mikono na miguu mara kwa mara. Wakiwa wawili au zaidi, wakae wamebanana, wapeane zamu ya kulala.

6. Asile theluji ili kukata kiu. Inapunguza joto la mwili. Aiyeyushe kwanza.

Na kabla ya kuondoka nyumbani wakati wa baridi, gari liwe na blanketi, maji, chakula kikavu, tochi, koleo, mchanga kidogo wa kuweka chini ya matairi, chaja ya simu, na mafuta yasiyopungua nusu ya tangi. Na amwambie mtu mmoja anapita njia gani na anatarajia kufika saa ngapi.

MOSHI USIOONEKANA

Hapa kambini tunajua hatari ya kulala na jiko la makaa, yaani mbabula, ndani ya nyumba iliyofungwa. Watu hulala wakiwa wazima na asubuhi hawaamki. Kinachowaua ni hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa. Haina rangi, haina harufu. Hewa hiyo hiyo hutoka kwenye bomba la moshi la gari. Bomba likizibwa na theluji, hewa inarudi ndani.

Nyumbani nako ni hivyo. Dhoruba ikikata umeme, nyumba inapoa, na mtu anashawishika kuingiza jiko la makaa au jenereta ndani. Huko nyumba zimezibwa sana ili baridi isiingie, kwa hiyo sumu haina pa kutokea. Jiko la makaa na jenereta vikae nje, mbali na madirisha. Dalili za sumu ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Mtu akizipata, atoke kwenye hewa safi mara moja na aite msaada.

BARIDI INAVYOMSHIKA MTU

Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, mtu yuko hatarini. Kwanza hutetemeka sana. Baadaye maneno yanakuwa mazito kama ya mlevi, anaanza kusahau, anasinzia. Kutetemeka kukikoma bila kupata joto, hali imekuwa mbaya zaidi. Aondolewe nguo zenye maji, afunikwe kwa blanketi kavu, apashwe joto kuanzia kifuani, apewe kinywaji cha moto kama ana fahamu zake, na aitiwe daktari.

Vidole, masikio na pua ndivyo vinavyoganda mapema. Sehemu iliyoganda hufa ganzi, na rangi yake hubadilika. Kwenye ngozi nyeusi inaweza kuonekana ya kijivu. Usiisugue, wala usiiweke karibu na moto, kwa sababu haisikii maumivu na itaungua. Itumbukize katika maji ya uvuguvugu, na umwone mganga wa hospitali.

Pombe si dawa ya baridi. Humfanya mtu ajisikie ana joto, kumbe inalitoa joto la ndani kuja kwenye ngozi ambako linapotea. Nguo nyingi nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine ni bora kuliko koti moja zito. Na soksi zikilowa, zibadilishwe upesi.

Tusisahau wazee. Kuzoa theluji kwa koleo ni kazi nzito kuliko inavyoonekana, na kila mwaka kuna watu ambao moyo husimama wakiwa katika kazi hiyo. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa shinikizo la damu amwachie kijana.

SI MLIMANI TU

Ndugu zetu walio mbali na milima nao wasijione salama. Mwezi Desemba 2022, dhoruba ya theluji na upepo iliupiga mji wa Buffalo, ulio kando ya ziwa katika jimbo la New York. Zaidi ya watu 40 walikufa katika mji na wilaya yake. Wengine walikutwa ndani ya magari, wengine nje, wengine katika nyumba zisizo na moto. Mji ule una wakimbizi wengi, na jamii ya Wakongo wa pale nayo ilikuwa na msiba. Barabara zilizibwa hata magari ya wagonjwa yakashindwa kufika. Kwa hiyo wakati wa dhoruba, mtu asitegemee kwamba akipata shida ataokolewa mara moja.

SISI TULIO KAMBINI, TUFANYE NINI?

Mtu anaweza kusema: "Mimi niko hapa juani, theluji inanihusu nini?" Inakuhusu, kwa sababu sauti yako ina nguvu. Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia mama yake "sitaki". Ukimwambia una shida ya ada, ya dawa au ya bati la nyumba, yeye ataingia barabarani hata kama redio imemwambia abaki. Hatakuambia kwamba anaogopa.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi, kaka na dada:

- Kuanzia Novemba hadi Machi, na kwa walio milimani hata Aprili, kabla ya kueleza shida yako uliza kwanza: "Hali ya hewa ikoje huko? Barabara ziko wazi?"

- Akikuambia kuna onyo la dhoruba, mwambie wazi: "Baki nyumbani. Shida yetu itangoja." Maneno hayo yakitoka kwa mzazi yanamfungua.

- Usimpigie akiwa anaendesha gari katika theluji.

- Asipopokea simu siku mbili au tatu wakati wa dhoruba, usikimbilie kuamini mabaya, wala usitangaze msiba. Huenda umeme umekatika. Jaribu kumpata jirani yake, kanisa au msikiti wake, au jamaa mwingine wa mji huo. Ukishindwa, njoo ofisini kwetu na jina lake kamili na mji anaokaa, tukuelekeze kwa wanaohusika na kutafuta jamaa.

- Yule anayekwenda kwa mara ya kwanza asione haya kuuliza wenyeji. Huko hata mtu mzima hufundishwa jinsi ya kutembea juu ya barafu: hatua fupi, polepole, mikono nje ya mifuko.

Kijana wa yule mama bado anaendesha lori. Juma lililofuata, mama alipompigia, hakuanza na habari ya ada. Aliuliza, "Mlima umeamkaje leo?" Kijana akacheka, akasema umefungwa, na kwamba yuko nyumbani anapika ugali. Ada ililipwa mwezi uliofuata. Mwalimu alikubali kungoja alipoelezwa.

Tafadhali, ukimaliza kusoma karatasi hii, msomee jirani asiyejua kusoma, kisha umpe mwingine.

Mhamasishaji jamii wa kambi